Nani Alimshinda Nani? Gemu Mpya na Historia ya Kwetu

Tarehe 20 ya mwezi huu wa Januari 2022 itatoka nyongeza ya gemu ya kompyuta iitwayo Humankind. Gemu yenyewe ilitoka Agosti mwaka jana. Imetengenezwa na Amplitude Studios ya Paris na kusambazwa na Sega. Nyongeza hii inahusu tamaduni za Afrika, nayo inaleta watu sita wapya wa kuchezwa: Wabantu, Wagaramante wa jangwa la Sahara, Waswahili, Wamasai, Waethiopia na Wanigeria. Hapa Kamenge, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, vijana wanaocheza gemu za mikakati si wengi kama wale wa mpira, lakini wapo, na siku hizi hawana habari nyingine. Mimi ni mmoja wao. Nimeona niandike kabla haijatoka, maana ikishatoka najua nitacheza tu, sitaandika.

Kwa msomaji asiyeijua, na hasa kwa walimu wetu, inachezwa hivi. Unaanza na kundi dogo la watu wanaowinda na kuokota matunda. Ukipata nyota za kutosha unaingia zama za kale, na hapo unachagua utamaduni: Wamisri, Wababeli, Wanubi na wengineo. Zama zikibadilika unachagua tena. Unaweza kuanza na Wanubi, ukaendelea na Warumi na baadaye ukachukua Wazulu, huku miji yako ikiwa ile ile na watu wako wale wale. Gemu ya kwanza ilikuja na tamaduni 60. Anayeshinda mwishoni ni mwenye sifa nyingi kuliko wote, na sifa hupatikana kwa biashara, kwa elimu, kwa majengo. Lakini tuseme ukweli: vijana wa kwetu wanacheza kuteka nchi. Sijawahi kumwona mtu akipiga kelele za furaha kwa sababu amejenga maktaba.

Ninachokisubiri kwa hamu ni Waswahili. Wamewekwa katika zama za kati, pamoja na mtepe, ile jahazi ya mbao zilizoshonwa kwa kamba za mnazi bila msumari hata mmoja. Hilo limenifurahisha kweli. Mtepe mmoja uliojengwa upya ulikuwa ukionyeshwa katika jumba la Beit al-Ajaib kule Zanzibar, na sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Kwa hiyo mtoto wa Kamenge huenda akauona mtepe kwenye kioo cha kompyuta kabla ya kupata nafasi ya kuuona popote pengine.

Wasiwasi wangu uko kwa Wabantu. Wao wamewekwa zama za kale, mwanzo kabisa wa gemu, wakati nchi bado haina mwenyewe na kila mchezaji anakimbilia kuweka bendera yake. Kila watu katika gemu hii wana rangi moja, mpaka mmoja na jeshi moja. Anayewachagua Wabantu atawaendesha hivyo: watoke hapa, wafike pale, wateke.

Jumamosi iliyopita tulikuwa saba katika chumba cha baba mmoja mtaani anayekodisha kompyuta kwa saa. Mmoja wetu alisoma orodha ya wale watu sita kwa sauti. Alipofika kwa Wabantu akacheka, akasema, "Hawa ni sisi. Wengine humu watafute wa kwao." Huku akimwangalia rafiki yetu mmoja, ambaye wamecheza pamoja tangu wakiwa wadogo. Kila mtu chumbani alielewa alichomaanisha. Mmoja alijaribu kucheka, hakupata wa kumfuata. Yule rafiki alikuwa bado ameshika kipanya, na zamu ilikuwa yake, lakini hakucheza. Mwenye chumba akasema, "Wekeni mpira, watoto wangu," na mpira ukawekwa.

Msomaji wa Tanzania au Kenya anaweza kuona ni utani wa kawaida. Kwetu ndani ya maneno yale mmekaa nadharia nzima ya historia, ambayo bibi zetu waliifahamu hata kama hawakukanyaga shule. Inasema hivi: kwanza walikuwepo Watwa msituni. Kisha wakaja Wahutu, ambao ndio Wabantu, na jembe lao. Mwisho wakaja Watutsi kutoka kaskazini na ng'ombe wao, wakawashinda wote na kuwatawala. Watu watatu, safari tatu, ushindi wa kale mmoja. Ukiitazama vizuri, hiyo ni gemu ya mikakati tayari: rangi tatu kwenye ramani.

Nani aliibuni? Katika maandishi mtu anayetajwa zaidi ni Mwingereza John Hanning Speke. Mwaka 1858 alifika Ziwa Tanganyika pamoja na Richard Burton, wakapanda mitumbwi kutoka Ujiji hadi Uvira. Yaani milima ya Burundi aliiona kutoka majini. Baadaye, akitafuta chanzo cha Nile, alikaa Karagwe kwa mfalme Rumanika na Buganda kwa Mutesa. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 aliandika kwamba watawala wa huku walitokana na wafugaji waliotoka upande wa Uhabeshi wakawashinda wakulima. Hakuwa na maandishi ya kale wala kitu kilichofukuliwa ardhini. Alikuwa na macho yake, na fikra za Ulaya za wakati ule kuhusu mataifa bora na mataifa duni. Waliomfuata, wamisionari na maofisa, waliichukua nadharia hiyo wakaiita sayansi.

Basi tuangalie kinachojulikana. Kwanza neno lenyewe. "Bantu" kama jina la kundi lilianzishwa katika karne ya 19 na mwanaisimu Mjerumani, Wilhelm Bleek, aliyefanya kazi Afrika Kusini. Aliona kwamba lugha nyingi zina neno linalofanana kwa maana ya watu: sisi Warundi tunasema abantu, Waswahili wanasema watu. Akalichukua neno hilo kuwa jina la lugha hizo. Hakuna mfalme wa Wabantu aliyepata kuishi, wala mji mkuu, wala jeshi. Ni jina la lugha. Na Kirundi ni lugha ya Kibantu, anayoizungumza Mtwa, Mhutu, Mtutsi na mganwa, kila mmoja akiwa ameinyonya kwa mama yake. Kwa hiyo kama ni kuchagua Wabantu, wote saba tuliokuwa chumbani siku ile tulikuwa Wabantu, na hata mwenye chumba.

Sisemi kwamba watu hawakuhama. Walihama. Wataalamu wa lugha, kuanzia Joseph Greenberg, wanaonyesha kwamba asili ya lugha hizi ni eneo la mpaka wa Nigeria na Kameruni, na kwamba zilianza kuenea miaka kama 5,000 iliyopita. Katika nchi za Maziwa Makuu kuna vyungu vya aina iitwayo Urewe, jina la mahali magharibi mwa Kenya, na pamoja navyo mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma. Kule Katuruka, karibu na Bukoba, mabaki hayo yana umri wa zaidi ya miaka 2,000, na tanuri za namna hiyo zimefukuliwa Burundi na Rwanda pia. Lakini chungu hakisemi nani alimpiga nani. Familia moja inaweza kuhama kilima kimoja kwa kizazi, bila mkuki, na baada ya miaka elfu lugha yake ikawa imefika mbali sana. Jirani huoa kwa jirani, mtoto huchukua lugha ya upande wenye soko au wenye mhunzi.

Na waliokuja hawakuja wakijua kila kitu. David Schoenbrun, katika kitabu chake cha mwaka 1998 juu ya nchi za Maziwa Makuu, alifuatilia maneno ya kilimo na ufugaji, akaonyesha kwamba wasemaji wa Kibantu wa huku walijifunza mengi kuhusu nafaka na ng'ombe kutoka kwa watu wa lugha nyingine kabisa, waliokuwa wakiishi hapa hapa. Fikiria umuganuro, sherehe kubwa ya mfalme wa Burundi, sherehe ya mtama. Nafaka ambayo mfalme aliionja ndipo nchi nzima ipande, ni nafaka ambayo babu zetu wa lugha waliizoea kwa kukaa na wengine. Sijui mtengenezaji wa gemu angeipa rangi gani hiyo.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini nahangaika na nadharia ya mzungu aliyekufa zamani. Ni kwa sababu ilifanyiwa kazi. Wabelgiji walipopanga upya utawala wa machifu waliamini kwamba Watutsi wamezaliwa kutawala, kwa kuwa ndio washindi wa kale. Mwanahistoria wetu Joseph Gahama alihesabu. Mwaka 1929 machifu Wahutu walikuwa kama mmoja katika kila watano. Mwaka 1945 hakubaki hata mmoja. Kisha wale walionyang'anywa nao wakaishika hadithi ile ile kwa upande wake wa pili: kama mlikuja kama washindi, basi ninyi ni wageni, rudini mlikotoka. Hadithi moja, visu viwili. Kuanzia Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, tulipata vita vilivyodumu miaka mingi. Katika miaka ya 1994 na 1995 Kamenge hii ninamoandikia ilivunjwa nyumba kwa nyumba na watu wake wakakimbia. Nyumba yetu ya sasa imejengwa juu ya msingi wa ile ya zamani. Shangazi yangu anaweza kukuonyesha mlango ulipokuwa. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulidai hata historia ya Burundi iandikwe upya ili Warundi wote waweze kuielewa kwa namna moja. Si mikataba mingi ya amani inayotaja kitabu cha historia.

Nirudi kwenye gemu, maana nisingependa ionekane kama adui. Kuna jambo ambalo Humankind imelielewa kuliko Speke. Ni ile kanuni ya kuchagua upya kila zama. Watu wako wanabaki wale wale, wanabadilika jina, majengo na silaha, na wanabeba kitu fulani kutoka kwa kila walichokuwa. Mchezaji anayeanza na Wabantu halafu akachukua Waswahili hajawaua Wabantu wake. Amewapa bandari. Nikiwa mwalimu wa historia ningewaonyesha wanafunzi kanuni hiyo tu, kisha nizime kompyuta. Ila rangi na mpaka zinabaki, na kijana wa miaka kumi na mitano huona rangi kabla ya kuona kanuni.

Na kama wenye gemu wanataka vita vya kuteka nchi, vipo hapa, vina majina na tarehe, na havihitaji kubuniwa. Mfalme Ntare Rugamba, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, aliupanua ufalme wa Burundi kila upande. Aliiteka ardhi, kisha akaigawa kwa wanawe wakaitawale mipakani. Alipofariki, mwanawe Mwezi Gisabo akarithi kiti pamoja na tatizo: kaka zake, na baadaye watoto wao, walikuwa na nchi zao, watu wao na hasira zao. Ushindi wa baba ulizaa waasi wa mwana. Katika gemu ukishateka jimbo, jimbo ni lako. Mwezi angecheka.

Mwezi alitawala zaidi ya miaka hamsini, hadi alipofariki mwaka 1908. Katika miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kama Rumaliza, mfanyabiashara wa Ujiji mwenye bunduki nyingi, alijaribu kuingia kwake. Ufukweni mwa ziwa Rumaliza alikuwa na nguvu. Milimani alishindwa. Kisha katika miaka ya 1890 ukaja muryamo, ugonjwa uliofagia ng'ombe Afrika Mashariki yote, ukafuatana na ndui, funza na njaa. Ufalme ambao urafiki na utii wake ulifungwa kwa ng'ombe ukapoteza ng'ombe. Wajerumani walipojenga boma lao hapa Usumbura mwaka 1897, walimkuta mfalme aliyekwisha kupigwa na kitu kisichoonekana.

Hata hivyo hawakumpata kirahisi. Mwezi hakuwa na mji mkuu mmoja. Alikuwa na nyua nyingi, Bukeye, Mbuye na kwingineko katika milima ya Muramvya, zilizojengwa kwa miti na nyasi. Ukichoma ua mmoja, mfalme yuko mwingine. Mchezaji aliyezoea kuteka mji mkuu ili vita viishe angezunguka milimani mpaka achoke. Alichofanya kapteni Robert von Beringe ni kutafuta maadui wa Mwezi waliokuwa ndani. Maconco alikuwa mkwe wa mfalme, aliyegombana naye (wasimulizi husema chanzo kilikuwa mbwa wa kuwinda). Kilima wa kaskazini-magharibi alidai kuwa na damu ya kifalme. Kwa msaada wao, mwaka 1903, Beringe alimfuata Mwezi mpaka akakubali, ingawa gavana wake, von Götzen, hakutaka vita hivyo. Mkataba ulifanyika Kiganda tarehe 6 Juni 1903. Mwezi aliukubali utawala wa Ujerumani, akawatambua Maconco na Kilima kuwa huru kwake, na akatozwa ng'ombe 424. Ng'ombe 424, baada ya muryamo!

Kinachofuata ndicho ningependa sana kukiona kwenye gemu. Beringe aliondolewa, na jina lake leo linakumbukwa zaidi kwa sababu gorila wa milimani alipewa jina hilo. Aliyemfuata, von Grawert, aliona kwamba ni nafuu kutawala kupitia mfalme mmoja kuliko kusuluhisha waasi watatu. Akageuka, akamsaidia Mwezi kuwarudisha wote chini yake. Maconco aliuawa na Wajerumani wale wale aliowaongoza milimani. Kilima akakamatwa na kupelekwa uhamishoni. Aliyeshindwa Kiganda akafa akiwa mfalme wa nchi kubwa kuliko ile aliyoachiwa na mkataba. Niambie ni nani hapo aliyemshinda mwenzake, na umpe nyota ngapi.

Kuna watu wengine katika safu ile ya Beringe ambao vitabu vyetu huwapitia haraka, nao ni askari na wapagazi. Hawakuwa Wajerumani. Walitoka Unyamwezi, Manyema, pwani, hata Sudani, na lugha iliyowaunganisha, ambayo pia ndiyo iliyokuwa lugha ya utawala wa Wajerumani, ilikuwa Kiswahili. Wengi hawakurudi kwao. Walikaa Usumbura wakaoa, na leo wajukuu wa watu wa namna hiyo wako Buyenzi, na wengine huku kwetu. Bibi yangu husimulia kwamba babu yake alikuja na mzigo kichwani kutoka upande wa Tabora. Hasemi ulikuwa mzigo wa nani. Mimi nimeshauliza mara mbili, naye kila mara hunituma dukani.

Kwa hiyo nikichagua Waswahili tarehe 20, na ule mtepe wao mzuri, nitakuwa nachagua watu wa Kilwa na Lamu, wauzaji wa dhahabu na pembe, na sina neno. Lakini Kiswahili ninachoandikia insha hii hakikufika Bujumbura kwa mtepe. Kilipanda milima kwa miguu, kikiwa na bunduki begani. Tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 kinafundishwa shuleni kama lugha ya ujirani na biashara, nami nakipenda, nimekichagua kwa hiari yangu. Ila kwenye somo la Kiswahili sijawahi kusikia habari za Kiganda, na kwenye somo la historia sijawahi kusikia Beringe alizungumza na askari wake kwa lugha gani.

Mwenye chumba ameshatangaza kwamba siku ya kwanza bei ya saa itapanda, na kwamba umeme ukikatika harudishi pesa. Tumeandikisha majina. Yule kijana wa utani ameandika kwamba atawachukua Wabantu, kama alivyosema. Rafiki yetu ameandika jina lake chini ya lile, na mbele yake ameandika: Wabantu. Kanuni za gemu haziruhusu watu wawili kuchukua utamaduni mmoja katika zama moja, anayewahi ndiye anayeupata. Itabidi wakimbizane.